Samaki wa Bahari ya Barafu

Lukmani alimkanyaga Bushira, muuza samaki, mguu katikati ya soko la mji wa Baraka, na kabla hajaomba radhi akaomba kipande cha samaki kisichozidi ukucha. Bushira, kitenge cha njano kiunoni na ushungi mweupe kichwani, alimtazama kijana huyo wa shati lililopigwa pasi, akamuuliza kama kwao samaki wamekwisha.

Kwao ni Mboko, alieleza, ila anafanya kazi kwenye labo ya kupima vyakula huko Bukavu. Wanasoma kisehemu kifupi cha vinasaba, wanakilinganisha na orodha ya samaki wa dunia, na jina linatoka hata kama samaki hana kichwa wala ngozi. Minofu ya Bushira haikuwa na hata kimoja. Ilitoka depo moja ya samaki walioganda huko Uvira, katoni zikiwa zimeandikwa sangala, samaki wa Ziwa Tanganyika. Akampa kipande, na namba ya simu pia.

Wiki tatu Lukmani alipiga kila jioni, akimwita “chérie”, yaani mpenzi, hadi mama yake Bushira akaanza kuuliza anacheka na nani.

Ndipo watu wa afya walipofika sokoni na majibu: ile si sangala, ni samaki wa bahari ya barafu, karibu na ncha ya kaskazini. Wateja wakamwita mwongo. Bushira akapiga simu.

“Ulijua?”

“Tangu juzi. Nilipaswa kupeleka majibu kwa serikali mbele ya kukuambia.”

“Juzi tuliongea saa nzima. Ulikuwa unaniuliza mi napenda rangi gani.”

Akakata. Siku tisa hakupokea. Simu ikilia ilimuudhi. Isipolia ilimuudhi zaidi.

Siku ya kumi Lukmani akashuka kwenye pikipiki, vumbi hadi kwenye nyusi, akaenda moja kwa moja kwa bamama wauza samaki na wateja wao. Alikuwa amepima katoni ambazo hazijafunguliwa, kulekule depo. Samaki ni yuleyule. Akawaambia Bushira alidanganywa kama wao, akawasomea karatasi yote. Mama mmoja aliyemwita mwongo akamwomba Bushira msamaha.

Bushira bado alikuwa amenuna. “Juu ya nini haukuanza na mimi?”

“Niliogopa utakasirika.”

“Na sasa mi niko nafanya nini?”

Lukmani akasema anataka kutuma wajomba zake wapeleke posa kwa mzee Haruna, baba yake Bushira. Bushira akamwacha juani, akamhudumia mteja polepole mpaka mwisho.

“Ijumaa baba iko nyumbani,” alisema hatimaye. “Lakini hii ya kunificha, utamwambia weye mwenyewe. Mi sitakusaidia.”