Majina Themanini Juu ya Sitaha

Asubuhi moja ya Novemba 2012, Maman Alphonsine alikuta maji juu ya meza ya sebuleni. Aliyaonja kwa kidole, maana hakuzaliwa kuogopa meza. Yalikuwa ya chumvi. Na kutoka Koekelberg, mtaa wao wa huku Ulaya, mpaka baharini ni safari ya treni.

Mezani ilikaa meli ya mumewe, Papa Ngoy: mfano wa manowari ya kale ya kubeba ndege, mrefu kama mtoto wa miaka minane. Mwanaume akistaafu bila shamba atatafuta cha kumchosha mke. Miaka mitatu huyu alikata, akapaka rangi, akagundisha. Sasa alikuwa amesimamisha mabaharia themanini, kila mmoja mdogo kama punje ya mchele, na kila mmoja amempa jina la marehemu wa Likasi, mji wao wa kuzaliwa.

«Jina ya mufu banapatiaka mutoto,» Alphonsine alikuwa amemwambia. «Hapana plastiki!»

«Bon, batoto ba huku banaitwa Kevin. Bafu yetu, bale balikufa, batakaa wapi?» Ngoy alijibu.

Wiki ile nyumba ilinuka mafuta ya ndege. Mchana kweupe vinong'ono vilipanda kutoka sitahani, kama redio iliyofunikwa mto.

Jumapili binti yao Emmanuella, mimba ya miezi minane, alikuja kula. Alipofika karibu na meli akashika tumbo.

«Maman, mutoto hachezi tangu juzi. Docteur anasema moyo unapiga, mais polepole, polepole.»

Alphonsine alimgeukia mumewe. «Uliita baharia jina ya nani wa kwetu?»

«Ba kwangu balikwisha,» Ngoy alinong'ona. «Nilibeba mumoja kwako. Kabamba.»

Kabamba alikuwa marehemu mama yake Alphonsine, na jina lile lilikuwa linamngoja mtoto wa tumboni.

«Mujinga weye!»

Wakamwita Maman Kahambu, mwombezi wa Matonge, mtaa wa watu wa kwao. Alikuja na Biblia, bila maneno mengi. Akatega sikio juu ya meli, akaliondoa haraka kama aliyeguswa na moto.

«Jina moja haiwezi kupumua mu miili mibili. Mwenye aliipatia aiondoe. Lakini hawa wanajihesabu, papa. Nafasi haitabakia wazi.»

Ngoy akashika kibano. Alipomvuta baharia yule, sitaha ilitetemeka, maji yakabubujika chini ya viatu vya mabaharia visivyofika ukubwa wa chawa, harufu ya mafuta ikawajaza macho machozi, na sauti ya kikongwe aliyezikwa Likasi tangu 1988 ikalia, ikalia, ikasogea kutoka mezani kuelekea kwenye tumbo la Emmanuella, mpaka ikakatika ghafla.

«Anacheza!» Emmanuella alipiga kelele. «Maman, anacheza!»

Wanawake wakapiga magoti wakamshukuru Mungu. Walipoinuka, Ngoy alikuwa amekwisha kusimamisha baharia mwingine palepale. Gundi ilikuwa bado mbichi.

«Na huyu ni nani?» Alphonsine aliuliza.

«Mwenye hakuna mutoto anamungojea.»

«Ngoy, hapana. Alors, toa!»

Hakutoa. Akaketi mezani, mikono juu ya magoti.

Kahambu akaenda zake. Alphonsine akaandaa bukari, ugali wa kwao, na samaki, akaweka sahani mbele ya mumewe. Macho ya Ngoy yalikuwa wazi, mdomo umefungwa.

«Ngoy, kula. Chakula inapola, inakuwa baridi.»

«Niko,» Ngoy akajibu, kutoka sitahani.