Vidoa Katika Picha ya Mama

Jumanne ya tarehe kumi na mbili, mwezi wa tatu, ndiyo siku mambo yalipoharibika nyumbani kwetu. Jioni ilianza kama nyingine. Mimi nilikuwa kibandani kwangu barabarani, nikishona soli za viatu. Binti yangu, ambaye ni dobi, alikuwa uani, mikono ndani ya beseni. Mjukuu wangu, tunayemwita Kasuku kwa kuwa hajui kunyamaza, alikuwa mbele ya nyumba akiruka kamba na wenzake, simu ya mama yake mfukoni.

Simu ile mbovu. Sauti hutoka kwa nguvu, majirani wote wasikie. Ikalia.

"Haloo, hapa hospitali, chumba cha picha. Mama yupo?"

"Yupo, anafua."

"Mwambie arudi Alhamisi. Picha ya titi lake la kushoto ina vidoa vyeupe, tunataka kuipiga tena kwa karibu. Usisahau, mwanangu."

Wenzake walikufa kwa kicheko. "Titi la mama lina vidoa!" mmoja akaimba, wengine wakaitikia. Kasuku akakata simu, uso unamwaka.

"Nani huyo?" mama yake aliuliza kutoka uani.

"Hospitali. Wamesema uko salama."

"Mungu mkubwa!"

Binti yangu akawa anaimba huku akianika mashuka. Usiku Kasuku alisukuma sahani yake pembeni. Nikamtania, "Vipi, Kasuku, betri imekwisha?" Hakucheka. Alitazama vidole vyake vya miguu.

Alhamisi ikapita. Jumapili, tukiwa tumekaa sebuleni, binti yangu akaisifu hospitali kwa kuleta majibu haraka.

"Wameanza lini?" nikamkata. "Mama yako walimpiga picha, wakakaa kimya. Tukadhani kimya ni uzima. Tulipokuja kuambiwa, ugonjwa ulishamaliza kazi yake. Wakubwa wa hospitali ile wana viyoyozi, sisi tuna makaburi."

Kasuku akaangua kilio. "Babu, safari hii hawakunyamaza. Mimi ndiye niliyenyamaza."

Akasema yote. Mama yake hakumpiga. Alimvuta, akamketisha mbele yake.

"Kwa nini, mwanangu?"

"Niliona aibu. Walinicheka. Na lile neno sikuweza kulitamka."

Angelitamka vipi? Nyumbani kwetu halitamkwi. Hata mama yake siku ya kwenda kupigwa picha alituaga kwamba anakwenda "kuangalia kifua".

Jumatatu tulikuwa hospitali sote watatu. Baada ya picha mpya, daktari, mwanamke mwenye miwani, alitugeuzia kioo cha kompyuta. Vidoa vilikuwa kama punje za chumvi zilizomwagika.

"Hii ni kalsiamu, madini yaleyale ya kwenye mifupa," alisema. "Wanawake wengi wanayo na haiwadhuru. Vidoa vikiwa vikubwa, vya mviringo, vimetawanyika, kwa kawaida hatuna wasiwasi. Hivi ni vidogo mno, vina maumbo tofauti, tena vimejikusanya mahali pamoja. Lazima tuchukue kipande kidogo cha nyama kwa sindano, tukipime."

"Ni saratani?" binti yangu aliuliza.

"Huenda, na huenda siyo. Picha peke yake haiwezi kusema."

Kasuku alijificha nyuma ya kiti cha mama yake.

Majibu yalitoka wiki iliyofuata. Si saratani, ila arudi baada ya miezi sita kuangaliwa tena. Binti yangu alicheka na kulia kwa pamoja. Daktari akamwita Kasuku.

"Goti la mama lingekuwa na vidoa, ungeona aibu kusema?"

"Hapana."

"Basi titi nalo ni kiungo chake. Habari ya ugonjwa ni ya mwenye mwili. Mpe yote, mpe upesi, hata kama dunia nzima inakucheka. Leo tumebahatika. Ingekuwa saratani, nawe ungeendelea kunyamaza, ungeipa muda wa kukua."

"Nimeelewa, daktari. Mama, nisamehe." Hakuinua macho. Mama yake akamshika mkono, wakatoka.

Mimi nilibaki. "Daktari, mke wangu naye alipigwa picha humuhumu. Hakuna aliyetupigia simu."

Alivua miwani, akaifuta, akasema atawauliza wakubwa. Mwaka unakwisha, na mimi bado nauliza: picha ya mke wangu, nani aliiangalia?