Kiti cha Verlin Barazani

Sisi wanaume wa Oklahoma, Marekani, tuna ugonjwa mmoja. King'ora cha dhoruba kikilia, badala ya kushuka kwenye handaki la kujikinga chini ya ardhi, tunatoka barazani kuangalia mawingu, kahawa mkononi. Verlin Tackett alikuwa na kiti maalumu cha kazi hiyo.

Asubuhi moja ya majira ya machipuko, redio ilisema huenda jioni kukawa na ngurumo, upepo mkali na mvua ya mawe.

"Huenda, huenda!" Verlin alicheka. "Hata mimi huenda nikawa gavana."

"Mdharau mwiba mguu huota tende," alisema mkewe, Oleta. Nyonga yake ilikuwa mbovu, na handaki lao lilikuwa na ngazi tisa.

Jirani yao Glenda alikuja kurudisha bakuli. Glenda amefunzwa kutazama dhoruba na kuwapigia simu watu wa hali ya hewa. Akachungulia handakini. Mlijaa mitungi ya achari ya matango, nyavu za kuvulia samaki na mashine ya kukatia nyasi.

"Verlin, mkeo atakaa wapi? Juu ya mashine?"

"King'ora kikilia nitaitoa."

"Oleta, unashuka hapa kwa muda gani?"

"Dakika kumi, nikishikwa mkono."

"King'ora hakikuahidi dakika kumi, Verlin. Hiyo 'huenda' ya asubuhi ndiyo inayompa mkeo muda wa kushuka. Toa vitu sasa. Weka maji, tochi, viatu na redio ya betri. Mkisikia ngurumo ya kwanza, shukeni. Msitoke mpaka nusu saa ipite bila ngurumo."

"Na mawingu ataangalia nani?"

"Niachie mimi. Wewe mshike mkeo mkono."

Verlin alinuna, lakini alitoa vitu.

Saa kumi na moja jioni ngurumo ilisikika kwa mbali. Jua lilikuwa bado linawaka. Verlin alikitazama kiti chake, kisha akamshika Oleta mkono. Walipofika ngazi ya saba, king'ora kililia. Verlin alipofunga mlango, mawe yalianza kuupiga. Waliogopa sana, wakashikana.

Walipotoka, nyumba ilikuwa imesimama. Lakini paa la baraza lilikuwa limekilalia kile kiti.

Verlin alikitazama, machozi yakimlengalenga.

"Haya, mheshimiwa gavana," Oleta alisema taratibu. "Kahawa nikuletee wapi?"

Siku hizi redio ikisema "huenda", Verlin huchukua ufagio na kufagia zile ngazi tisa.