Kimya cha Mzee wa Mnara

"Zima hiyo mashine, Kashindye."

"Rebeka! Karibu, mpenzi. Ngoja nimalizie hiki kipande, niko katikati ya..."

"Nimesema zima!"

Kashindye akavua hedifoni. Chumba chake cha kurekodia pale Mabatini kilikuwa kidogo, kuta zimebandikwa trei za mayai kuzuia kelele za mtaani, na siku zote Rebeka akiingia humo huanza kwa kuzicheka zile trei. Leo hakucheka. Alitoka shuleni moja kwa moja, vidole bado vina chaki, macho mekundu.

"Kuna nini? Nani kafariki?"

"Baba yangu sasa anaitwa Mzee Kitenge. Soko zima. Unajua kwa nini?"

Kashindye akazima mashine. Mtu anayekula kwa kuongea, na leo maneno yamemkimbia.

Mnamjua huyu kijana, hata kama hamjawahi kumwona. Ni yule mtafsiri wa muvi, DJ Kashi. Muvi ikija kwa lugha yoyote anakaa mbele ya maiki, anaigiza sauti za wote, mabinti kwa wazee, anatia na utani wake, kisha kazi inaingia kwenye flashi na kwenye mabanda ya video. Na kazi hiyo ina sheria moja ambayo kila mtu anaijua: DJ hanyamazi. Akinyamaza kidogo tu, banda zima linapiga miluzi.

Safari hii alikuwa amepata anime, katuni ya Kijapani, iliyotokana na riwaya ya kale ya Ulaya, ambayo Rebeka, mwalimu wa fasihi, aliisoma chuoni. Kwenye kitabu, mzee mmoja analinda mnara wa taa ufukweni. Mkewe anafariki, anabaki na binti. Wajapani wakauhamishia mnara huko angani kwenye nyota, wakampa mzee mkono wa chuma, binti wakamfanya rubani. Jioni nyingi Rebeka alikaa kwenye kile chumba akimsimulia Kashindye kitabu sura kwa sura, huku wakila samaki kwa mikono, na mapenzi yakakolea hapo hapo. Jumamosi ya wiki hiyo mshenga wa Kashindye alitarajiwa nyumbani kwa baba yake Rebeka, Mzee Masele.

"Tulikuwa kwenye kivuko, tunatoka Kamanga kwa shangazi," Rebeka akasema. "Ukaniuliza kwa nini baba hajaoa tena. Nilikwambia nini?"

"Reby, sikiliza..."

"Si una mdomo? Sema!"

"Kwamba... mzee ana kitenge cha marehemu mama. Jioni anakiweka mapajani, anakisimulia habari za sokoni."

"Nilimwambia nani mwingine?"

"Hakuna."

"Halafu wewe ukafanya nini?"

Kashindye akaangalia chini.

"Ile sehemu ya baada ya mazishi, mzee wa mnara anakaa tu. Haongei! Ni ndefu, Rebeka. Nikaona watu watachoka, nikamtilia maneno."

"Ya baba yangu."

"Sikutaja jina!"

"Hukutaja jina? Umesema, 'Mchana mzee anauza kamba na nyavu, anagombeza dunia nzima, jioni anabembeleza kitenge.' Pale sokoni nani mwingine anauza kamba na nyavu na kugombeza dunia nzima?"

"Nilitaka kuwachekesha. Nimezoea kuwaweka watu wa hapa hapa..."

"Basi wamecheka. Wamecheka mpaka mbavu zinawauma."

Akavuta pumzi.

"Nilikwambia, nilipofika ukurasa ule wa kitabu, 'Hapa usiseme kitu.' Nilikwambia au sikukwambia? Wajapani wamebadilisha kila kitu. Mnara wameupeleka angani, mzee wamempa mkono wa chuma. Lakini kimya chake hawakukigusa. Wewe ndiye umekigusa."

"Nisamehe. Nitaenda kwa mzee mwenyewe."

"Jana hakula. Aliniuliza swali moja tu. 'Mwanangu, kumbe ulikuwa unanichungulia ili ukanisimulie kwa wanaume?' Nilikosa pa kuuweka uso wangu. Amesema mshenga asije."

"Hayo anasema mzee. Wewe unasemaje?"

Rebeka akaufungua mlango, kelele za Mabatini zikaingia zote kwa pamoja.

"Mimi nilikupenda kwa maneno yako. Sasa nayaogopa."

Akaondoka. Kashindye akapiga simu, haikupokelewa. Akapiga tena, ikakatwa. Akaandika:

"Nisamehe mpenzi. Nimeshaifuta."

Jibu likaja papo hapo: "Unaifuta wapi? Iko kwenye simu za bodaboda wote."

Kesho yake akajikaza kiume, akaenda sokoni. Mzee Masele alikuwa dukani kwake anapima kamba, uso ameukunja. Vijana wa duka la jirani walipomwona mgeni wakakonyezana.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Unataka kamba nene au nyembamba?"

"Sijaja kununua, mzee. Mimi ndiye Kashindye."

"Najua. Sauti yako naisikia kila kona."

"Nimekuja kuomba radhi."

Mzee akaendelea kupima kamba, mkono hadi mkono, kama vile mbele yake hakuna mtu. Kisha akaiweka chini.

"Ungenitukana ningekujibu, tungemalizana. Wewe hukunitukana, umenisemea. Kijana, mke wangu nilimzika sikusema neno, kwa sababu sikuwa nalo. Nani alikutuma unitafutie?"

Kashindye hakuwa na cha kujitetea, na kwa mara ya kwanza hakukitafuta.

"Nimekosa, mzee. Narudia kazi yote. Jumapili alasiri naionyesha upya bandani kwa Ngosha, nitakuwa na maiki mwenyewe, natafsiri papo hapo. Naomba uje."

"Nije nichekwe nikiwa nimekaa?"

"Nikikosea tena, nichape mbele ya watu wote."

"Sina muda wa kuchapa watoto wa wenzangu. Nenda."

Alipogeuka tu, vijana wa jirani wakapaza sauti, "Mzee Kitenge, vipi, umepata mkwe?" Kicheko kikafuata. Mzee Masele hakuinua kichwa. Kashindye akatamani ardhi ipasuke immeze hapo hapo kati ya nyavu na maboya.

Jumapili mchana akamtumia Rebeka ujumbe: "Njoo usikilize. Kama baada ya hapo bado hunitaki, sitakusumbua tena maishani." Hakujibiwa.

Banda lilijaa hadi watu wakakalia ndoo. Ngosha, mwenye banda, alikuwa anasugua mikono kwa furaha.

"DJ, watu wote hawa wamefuata ile sehemu ya kitenge. Unaisikia hiyo kelele? Usiniangushe."

"Ngosha, safari hii pale sisemi kitu."

"Husemi? Unaumwa wewe?"

"Sisemi."

"Basi nisikilize vizuri. Ukiniharibia, hapa hukanyagi tena. Na wenye mabanda wenzangu wote nitawaambia DJ Kashi kwisha habari yake."

Muvi ikaanza. Kashindye alikuwa moto, akanguruma kwa sauti ya mzee, akalegeza kwa ya binti, watu wakacheka na kupiga makofi. Akatupa jicho kwenye mlango wa nyuma. Rebeka alikuwa amesimama pale, mikono kifuani, hacheki.

Yakafika mazishi. Kisha ile sehemu. Mzee wa mnara akakaa kwenye kiti, mkono wa chuma juu ya paja, nyota zimejaa dirishani.

Kashindye akashusha maiki.

Mwanzoni watu walingoja. Kisha mluzi wa kwanza ukalia.

"DJ kalala!"

"Oya, ongea bwana!"

"Tupe kitenge! Ki-te-nge! Ki-te-nge!"

Banda zima likadaka wimbo, miguu inapiga sakafu. Ngosha akawa anampungia mkono kwa hasira, sema, sema! Jasho likamtiririka Kashindye mgongoni. Maneno yalikuwa yamemjaa mdomoni, mazuri, ya kuchekesha, sentensi moja tu ingemwokoa na miluzi yote ile. Akang'ata meno, maiki akaikalia.

"Tulieni!"

Sauti ilitoka mlangoni. Watu wakageuka. Mzee Masele alikuwa amesimama karibu na binti yake, na begani, mbele ya watu wote, alikuwa amejitanda kitenge cha njano kilichopauka.

Hakuna aliyecheka. Sijui kwa nini, lakini hakuna aliyethubutu.

"Huyo mzee kafiwa na mke wake," akasema, akinyoosha kidole kwenye skrini. "Mwacheni akae."

Banda likawa kimya. Mzee wa mnara aliendelea kuzitazama nyota, na watu waliokalia ndoo wakawa wanamtazama yeye. Mama mmoja akajifuta macho kwa kanga. Rebeka alikuwa analia waziwazi, ameshika upindo wa kile kitenge.

Nje, baada ya muvi, Kashindye alisimama mbele yao, mikono nyuma.

"Huyo Mjapani anajua," Mzee Masele akasema. "Mtu anakaa hivyo hivyo. Rebeka, kitabu kinasemaje pale?"

"'Mzee hakusema neno.' Ni hivyo tu, baba."

"Basi aliyeandika naye alishafiwa." Akamgeukia Kashindye. "Mshenga wako ulimpanga nani?"

"Pius, mzee. Rafiki yangu, naye ni DJ."

"Hapana! Tafuta mwingine. Asiyeongea sana."

Rebeka akaangua kicheko, machozi bado yakiwa shavuni, na Kashindye akajua amesamehewa.

Jumamosi iliyofuata aliyekwenda kuposa ni Mzee Shimba, fundi wa kushona nyavu, ambaye hata wateja wake hawaijui vizuri sauti yake. Akasalimia, akakaa, akasema, "Kijana wetu anamtaka binti yenu." Akanyamaza. Mzee Masele naye akanyamaza.

Kashindye, aliyekuwa akisubiri mtaa wa pili, uvumilivu ukamshinda. Akamwandikia Rebeka: "Mbona kimya? Wamekataa?"

Rebeka akachungulia sebuleni. Wazee wawili walikuwa wamekaa bega kwa bega, wanakunywa chai, na kitenge cha njano kimekunjwa vizuri juu ya meza kati yao.

Akajibu: "Tulia. Wanaelewana."