Mti Uliotoa Usaha

Katikati ya kiangazi cha mwaka tisini na mbili, Kabagwira alitoka uani kuanua nguo kabla jua halijazama nyuma ya mlima Kigali. Alikuwa mshonaji. Yeye na mumewe Kamanzi, dereva wa lori, walikuwa wamepanga nyumba ndogo katika mtaa wa Biryogo, na mparachichi mkubwa ulikuwa umeinamia dirisha la chumba chao cha kulala.

Shuka iliyogusa shina ilikuwa na baka la kahawia. Akaligusa. Likavutika kati ya vidole kama kamasi.

Akanusa...

Nyama. Nyama iliyosahaulika chunguni siku nne.

Mvua haikuwa imenyesha tangu mwezi wa tano, lakini gome la mti lilikuwa limepasuka, na kutoka kwenye ufa maji mazito yalichuruzika hadi shinani. Hapo uyoga mweupe ulikuwa umeota, umebanana kama masikio.

"Tumwite Rutayisire," alimwambia mumewe. Rutayisire alikuwa fundi wa kukata miti, mzee aliyejulikana mtaa mzima. "Mwaka jana alituonya."

"Kwa mti mmoja? Mimi sina mikono?"

Kamanzi akachukua shoka, akaupiga mti palepale penye ufa.

Mti ukashusha pumzi.

Fyuuu... Kisha usaha ukaruka, wa vuguvugu, ukamjaa Kamanzi machoni na mdomoni. Akatapika. Alisukutua kwa maji, kwa chumvi, mwisho kwa sabuni.

"Iko tamu," alinong'ona.



Siku ya tatu jasho la Kamanzi lilianza kunata. Zahanati wakampa vidonge. Siku ya tano alikohoa juu ya sahani ya maharagwe, akaingiza vidole viwili kooni, akashika kitu. Akavuta... akavuta tena...

Unywele. Mrefu kama mkono, unadondosha ute.

Kabagwira hakungoja aumalize. Alikwenda kwa Rutayisire mbiombio.

Mzee alifika jioni ileile na msumeno na kamba. Aligonga shina kwa kifundo cha kidole, akianzia chini. Ko. Ko. Usawa wa kifua, sauti ikabadilika.

Bu.

"Iko wazi ndani," alisema. "Mti ukiinamia nyumba, ukivuja wakati wa jua kali, ukiota uyoga shinani, wewe unaita fundi, mama. Hungoji. Mwaka jana ningekata tawi moja tu, basi."

Aliufunga kamba, akaukata, ukaanguka mbali na bati. Shina likapasuka. Funza wanene wakamwagika uani, na katikati yao kulikuwa na mafungu ya nywele yaliyopangwa moja juu ya jingine. Saba. Kila fungu limezungushiwa uzi na kupigwa fundo. Sita yalikuwa yameoza yakawa uji. La saba lilikuwa la nywele fupi za mwanamume, zenye mvi kama za Kamanzi.

Lilikuwa bado na joto.

"Panya," alisema Rutayisire polepole. "Panya hubeba nywele kujengea."

"Na fundo?" Kabagwira akauliza. "Panya anafunga fundo?"

 Mzee alimwaga mafuta ya taa, wakachoma vyote. Majirani walichungulia juu ya ua, wakauliza ni nani anachoma mishikaki, mbona inanukia hivyo. Kabagwira akaziba mdomo kwa kitenge.

Kesho yake Kamanzi alikunywa uji, na haukurudi. Rutayisire alikuwa akichimba mizizi. Akafikia mmoja mnene kuliko paja, ulioingia chini ya chumba cha kulala. Aliushika, akauachia upesi, akaufuta mkono wake kwenye suruali. Akaufuta tena.

"Huo sikati."

"Kwa nini, mzee?"

"Mti umekufa jana, mama." Alishusha sauti. "Huo mzizi una mapigo."

Wiki hiyo wakahamia mtaa wa Kacyiru. Mwenye nyumba walimrudishia funguo, wakasema kazi ya Kamanzi imehamishwa.

Miezi miwili baadaye Kabagwira alipita Biryogo kumpelekea mteja gauni. Mlangoni pa nyumba ile alisimama mwanamke kijana, mjamzito, anatabasamu.

"Karibu chai, mama. Ingia ndani, kumepoa."

Kabagwira akafungua mdomo. Akawaza angeanzia wapi, na nani angemwamini.

Akasema ana haraka.