Kichwa cha Kinyozi

Zamani, wakati magari ya kusukumwa kwa mikono yalipokuwa yakipita juu ya reli nyembamba katika njia za Mombasa, mtaa wa Kibokoni ulikuwa na kinyozi mmoja jina lake Mzee Amin. Alinyoa watu kwa miaka arubaini. Wembe wake ulipita juu ya vichwa vya mashehe na mahamali, vya mabwana harusi na vya watoto wa siku saba. Hakuna aliyerudi kwake kulalamika.

Mzee Amin alikuwa na jambo moja la kujivunia. Alilisimulia mara nyingi hata watu wa nyumbani kwake wakalijua kwa moyo.

"Wateja wangu walikuwa wakilala," alikuwa akisema. "Mtu akilala chini ya mkono wako, jua umekuwa kinyozi. Akikodoa macho, wewe ni mkata majani tu."

Sasa Mzee Amin alikuwa amezeeka. Aliishi na binti yake, Intisar, na mume wa Intisar aitwaye Yeslam, karani wa forodhani. Wawili hao walikuwa na mtoto mmoja wa miaka mitano, Hafswa. Mzee alikuwa haendi kazini tena, kwa sababu mkono wake wa kulia ulikuwa ukitetemeka. Lakini kichwa chake mwenyewe alikuwa hamwachii mtu. Kila Ijumaa asubuhi aliketi uani mbele ya kioo kidogo, akajinyoa.

Asubuhi moja ya Ijumaa Intisar alikuwa jikoni akikuna nazi. Akamsikia Hafswa akipiga kelele.

"Mama! Kichwa cha babu chatoka damu tena!"

Intisar aliiacha mbuzi na nazi yake, akakimbia uani na kitambaa safi. Damu ilikuwa ikishuka nyuma ya sikio la baba yake.

"Si kitu," alisema mzee. "Wembe umeteleza."

"Wembe wateleza kila Ijumaa, baba?"

Intisar alimfuta taratibu. Kichwa kizima kilikuwa na vidonda vidogo, vingine vipya, vingine vinaanza kukauka. Ngozi ya mzee ilikuwa nyembamba na laini. Intisar alisikia uchungu moyoni, akajizuia asilie mbele ya mtoto.

Adhana ya Ijumaa ilipokaribia, Yeslam alivaa kanzu yake, akasimama mlangoni.

"Baba, twende?"

"Nenda. Mimi nitasali hapa hapa."

Ilikuwa Ijumaa ya nne mzee haendi msikitini. Yeslam alipoondoka, Intisar aliketi karibu na baba yake.

"Baba, wanificha nini?"

Mzee alikishika kile kitambaa kichwani. "Nitapitaje barazani, mwanangu? Wale wote niliwanyoa mimi. Wakiniona hivi watasema, mtazameni Amin, kinyozi hajui kunyoa."

"Basi tukuitie kinyozi mwingine."

"Mwingine anishike kichwa, mimi? Bora nizikwe na nywele zangu."

Alisema hivyo kwa ukali, lakini macho yake yalikuwa chini. Intisar alielewa. Baba yake hakuogopa wembe. Aliogopa kuonewa huruma na watu waliokuwa wakimheshimu. Na mtu anayejifungia ndani kwa aibu hupungua siku hadi siku. Mzee alikuwa ameanza hata kuacha chakula.

Siku ya Jumatano Yeslam alirudi na kifurushi. Alikuwa amepita katika duka moja la Ndia Kuu.

"Mke wangu, dawa imepatikana," alisema, akafungua karatasi.

Ndani mlikuwa na chombo cha chuma kinachong'aa. Kilikuwa na mikono miwili mirefu, na mbele kilikuwa na meno mengi madogo, safu mbili, moja juu ya nyingine. Ilikuwa mashine ya kunyolea. Ukiibana mikono yake, meno ya juu huenda na kurudi, yakakata nywele.

"Haina wembe," alisema Yeslam. "Haigusi ngozi kwa makali. Nimeijaribu dukani, imenikaa mkononi sawasawa."

Hapo ndipo palipokuwa na kosa la kwanza. Iliukaa mkono wake yeye, bwana mwenye mkono mpana. Lakini atakayenyoa alikuwa Intisar, mwenye mkono mdogo. Yeslam alikuwa na furaha kubwa, hakuwaza hilo.

Kosa la pili lilikuwa la Intisar mwenyewe. Watu wa pwani tuna mazoea yetu. Mlango ukilia, twaupaka mafuta ya nazi. Mtoto akikwaruzwa, mafuta ya nazi. Basi Intisar alichukua chupa ya mafuta ya nazi, akaimiminia ile mashine mpaka ikatota. Kisha, ili baba yake asiumie, akampaka mafuta hayo hayo kichwani.

Mzee aliitazama mashine kwa jicho la pembeni. "Hicho ni chuma cha kunyolea punda," alisema. Lakini binti yake alimbembeleza, naye alikuwa hawezi kumkatalia binti yake. Aliketi kibaoni, akainamisha kichwa.

Intisar alianza kisogoni. Alibana, akaachia, akabana, akaachia. Nywele kidogo zilianguka, akafurahi. Lakini mikono ya mashine ilikuwa mipana mno kwake. Vidole vilichoka. Alibana nusu tu, na huku akaivuta mashine. Meno yakauma nywele yasiziachie.

"Aah! Wanivuta! Waning'oa kichwa!"

Mzee aliruka. Kisogoni palibaki mstari mmoja uliokatwa, umeenda upande, pande zote mbili kuna nywele. Hafswa alitia mkono kinywani asicheke.

Mzee Amin alichukua kofia yake, akaivuta mpaka masikioni. "Imetosha," alisema. "Usinishike tena." Aliingia chumbani akafunga mlango. Intisar aliketi pale pale uani na mashine mapajani, akalia.

Asubuhi ya pili yake, Yeslam alipokuwa amekwenda kazini, hodi ilipigwa. Alikuwa jirani yao, Bi Afaf, mshona kanzu. Alikuwa na wana watano wa kiume na cherehani moja, na aliviendesha vyote kwa sauti kubwa.

"Sabalkheri, mwanangu."

"Sabalkheri, Bi Afaf. Karibu."

"Jana nilisikia ukelele. Nikasema, ama mzee kaanguka ama Yeslam kaoa wa pili. Ni lipi?"

Intisar alicheka hataki, kisha akamweleza yote. Bi Afaf aliichukua mashine, akaibana. Haikubana vizuri. Akainusa.

"Hini umeitia mafuta ya nazi?"

"Ndiyo."

"Wallahi ulivyofanya ndivyo nilivyofanya mimi na cherehani yangu ya kwanza. Ikaganda, haiendi mbele wala nyuma. Mwanangu, wakati huu wa kusi na baridi yake, chupa yako ya mafuta ya nazi ikoje asubuhi?"

"Imeganda."

"Basi na katikati ya meno haya yameganda vivyo hivyo. Yameshika na nywele, yamekuwa gundi. Mafuta ya nazi ni ya watu. Chuma kina mafuta yake, membamba, yale ya cherehani. Tena ni tone tu. Tone moja hapa katika meno, na moja hapa katika kamani."

Alimwonyesha kamani, ule waya uliopinda unaoirudisha mikono kila inapoachiwa. Akaendelea:

"Tena hini si yako. Lete mkono." Alimtia mashine mkononi. "Waona? Vidole vyako havifiki vizuri. Mashine huchaguliwa na mkono utakaoishika. Ibane mara hamsini pale pale dukani. Ukichoka, si yako. Itazame na meno. Yawe sawa, hakuna lililovunjika wala kupinda, maana jino moja bovu huvuta nywele na kukwaruza ngozi."

Bi Afaf aliyasugua meno kwa kitambaa chenye mafuta ya taa mpaka gundi yote ikatoka. Akayafuta yakakauka, mashine ikarudi kung'aa. Jioni ile Yeslam aliirudisha dukani. Safari hii Intisar alikwenda naye, katika buibui lake, akaomba aonyeshwe zilizo ndogo. Alizibana moja moja huku akihesabu kimoyomoyo. Ya tatu ilifika hamsini na vidole havijauma. Mwenye duka alikubali kuwabadilishia, akawauzia na kichupa cha mafuta ya cherehani.

Waliporudi, Bi Afaf alimfundisha kazi yenyewe kwa kichwa cha mwanawe mdogo, huku Intisar akitazama kwa makini.

"Nywele ziwe zimeoshwa na zimekauka. Usizipake chochote. Nywele zenye mafuta hushikana, meno yakashindwa. Zichane kwanza. Laza mashine juu ya ngozi, usiikandamize. Anza kisogoni, panda juu pole pole. Bana mpaka mwisho, achia mpaka mwisho. Mkono usitangulie kuliko meno. Na ukitaka kuitoa kichwani, itoe huku ukiendelea kubana. Jana uliivuta ikiwa imeuma nywele, ndiyo maana mzee akapiga kelele."

"Na nikimaliza?"

"Ipige brashi nywele zitoke. Isafishe kwa maji ya moto sana, ikaushe saa hiyo hiyo. Hapa kwetu hewa ina chumvi, ukiilaza na maji kesho utaikuta na kutu. Kisha tone la mafuta. Na mtu mwenye choa kichwani usimnyoe kwa mashine ya nyumba nzima, atawapa wote."

Ilibaki kujaribu. Usiku ule ule, kwa mwanga wa taa, Yeslam alijitolea kichwa chake.

"Mimi ndimi niliyenunua kubwa," alisema. "Adhabu yangu naijua."

Aliketi uani kwa heshima kubwa. Intisar alianza kwa woga. Bana, achia. Bana, achia. Mara mbili Yeslam alikunja uso, na mara zote mbili Intisar aligundua kuwa mkono wake ulitangulia. Ya tatu haikutokea. Nywele zilishuka mabegani kwa Yeslam, na Hafswa akazikusanya kwa ufagio mdogo. Chumbani, mlango wa Mzee Amin ulifunguka kidogo. Jicho moja lilikuwa likitazama.

Ijumaa asubuhi mzee alitoka na kofia masikioni. Aliketi juu ya kibao bila kuambiwa.

"Yule hakupiga kelele," alisema.

"Hakupiga, baba."

"Nionyeshe hicho chuma."

Intisar alimpa. Mzee alipitisha kidole gumba juu ya meno, taratibu, namna alivyokuwa akipima makali ya wembe zamani. Mkono wake ulitetemeka. Aliitazama mikono ya binti yake, iliyotulia.

"Kitaacha nywele fupi," alisema. "Hakitang'arisha kichwa."

"Ndiyo, baba. Wala hakitatoa damu."

Mzee alivua kofia mwenyewe. "Haya. Bismillahi."

Intisar alikiosha kichwa cha baba yake kwa maji ya vuguvugu, akakikausha kwa taulo, akachana nywele zake nyeupe. Akaogopa. Kichwa hiki kilikuwa kimemfundisha kila kitu, na sasa kilikuwa mikononi mwake. Alipitia mbali na vidonda vilivyokuwa bado vibichi. Alilaza mashine kisogoni. Bana, achia. Kila baada ya mistari michache alisimama, akapiga brashi meno.

Mwanzoni mabega ya mzee yalikuwa yamekazana. Macho yake yalikuwa wazi, yanamfuata binti yake katika kile kioo kidogo.

"Ukifika nyuma ya sikio, likunje kwa kidole," alisema. "Usikimbilie."

"Haya, baba."

Alilikunja sikio kwa kidole, akapita. Mabega ya mzee yalishuka kidogo. Uani palikuwa kimya, pakisikika sauti ya mashine tu, ikienda na kurudi. Intisar alipita utosini, akaja upande wa pili. Alitaka kuuliza kama anaumia. Akainama kutazama.

Mzee Amin alikuwa amelala. Kidevu kilikuwa kifuani, na mdomo umefunguka kidogo. Alikuwa akikoroma.

Intisar alisimama palepale na mashine mkononi. Machozi yalimtoka, na hakuyafuta, maana hakutaka kutikisika. Kisha akamalizia kazi yake pole pole, mpaka unywele wa mwisho.

Alimwamsha adhana ilipokaribia. Mzee alishtuka, akafuta mdomo.

"Sikulala," alisema.

"Hukulala, baba."

Alijitazama kiooni muda mrefu. Alipapasa kisogo, akapapasa utosi, akatazama kiganja chake. Hakikuwa na damu. Kile kitambaa cha kufutia damu alimpa Hafswa akakiweke. Alivaa kanzu, akachukua kofia, lakini hakuivaa. Aliikunja akaitia mfukoni, akatoka na Yeslam kichwa wazi, aonekane.

Intisar alibaki nyuma ya pazia la mlango. Aliwasikia wazee wa barazani wakimpokea baba yake kwa kelele na salamu ndefu. Kisha mmoja akasema:

"Amin, kichwa safi hicho! Nani kakunyoa?"

"Binti yangu," alijibu Mzee Amin. "Nililala."