Fundi Aliyeijua Nyota ya Moto Zaidi

"Zima hiyo grenda!"

Mwinshehe hakusikia. Alikuwa ameinamia kipande cha springi ya lori iliyokatikia Lugoba, cheche zinaruka mpaka barabarani. Mara grenda ikanyamaza yenyewe. Akavua miwani, akageuka. Mwalimu Salme alikuwa amesimama ukutani, plagi ya umeme mkononi.

"Nimekwambia zima."

"Mwalimu! Sogea huko, utaunguza baibui."

"Siku kumi na nne, Mwinshehe. Nikipiga hupokei. Nikiandika unasoma, unanyamaza. Jana umeniona sokoni ukajificha nyuma ya magunia ya mkaa. Mtu mzima na mvi zako!"

"Sikujificha. Nilikuwa naulizia bei."

"Unapikia gesi. Mkaa wa nini?"

Mwinshehe akaiweka grenda chini. Akachukua tambara, akaanza kujifuta mikono ambayo hata kwa sabuni ya unga haijawahi kutakata.

Mtu huyu alikuwa na miaka arobaini na sita. Aliishia darasa la saba kule Makurunge, akashika kazi ya kuchomelea, na hakuna geti zuri Bagamoyo ambalo hajalichomelea. Salme alikuwa na thelathini na nane. Alifundisha fizikia sekondari, nyumbani kwao ni Waarabu wenye duka la vifaa vya ujenzi, na aliwahi kuolewa akaachika. Watu wawili wa namna hiyo wangekutania wapi?

Walikutania darasani. Shule ilipewa darubini isiyokuwa na miguu, Mwinshehe akaitengenezea miguu ya chuma. Siku anaipeleka alimkuta Salme anafundisha.

"Nyota mbili," Salme alikuwa anauliza. "Moja nyekundu, moja nyeupe inayoelekea bluu. Ipi ina moto zaidi?"

"Nyekunduuu!" darasa zima likaitika.

Mlangoni mtu akacheka.

"Fundi, unacheka nini?"

"Samahani mwalimu. Chuma kikianza kushika moto ndiyo kinakuwa chekundu. Ukikizidishia kinageuka rangi ya chungwa, halafu njano, halafu cheupe mpaka unaumia macho. Huo wekundu ndiyo kwanza moto unaanza. Nyota mimi sizijui, ila kama ule ni moto, basi moto ni moto."

Salme aliweka chaki mezani. Miaka kumi na mbili anauliza swali lile, na hakuna aliyewahi kulijibu bila kufungua kitabu. Huyu kalijibu kabeba miguu ya darubini begani.

Kuanzia hapo kila Jumamosi asubuhi alipita karakana na chupa ya chai. Mwinshehe alimwonyesha kwamba ukikigusisha chuma kwenye grenda, cheche zake zinakitaja jina: nondo laini inatoa mistari mirefu iliyonyooka, tupa ya kunolea mapanga inatoa cheche zinazopasuka kama fataki. Salme naye alikuja na kipande cha kioo cha pembe tatu, akaupitisha mwanga wa jua, ukutani zikatokea rangi za upinde wa mvua. Akamwambia kwamba wenye vyombo vikali wakizitazama rangi zile wanaona mistari myeusi myembamba, na kila mstari ni jina la kitu kilichoko kwenye jua. Kimojawapo ni chuma.

"Chuma hiki hiki?" Mwinshehe aliuliza siku ile.

"Hiki hiki. Kule kimekuwa mvuke."

Hakulala vizuri kwa furaha. Wiki iliyofuata akaandika barua ya posa, akampa Mzee Mbaruku aipeleke kwao.

Na sasa huyu hapa anajificha nyuma ya mkaa.

"Niambie kosa langu," Salme alisema, sauti imeshuka. "Umepata mwingine?"

"Salme, usinifanye mtoto. Umeshajibu, mimi nimekubali. Mbona unarudi kunichimba?"

"Nimejibu nini?"

Mwinshehe akatoa simu, akamfungulia ujumbe, akamnyooshea bila kumtazama. Ulitoka kwa Majid, kaka yake Salme.

"A/alaykum ndg Mwinshehe. Barua yako tumeipata kwa mkono wa Mzee Mbaruku. Salme amesoma na amesema hapana. Anasema nyinyi wawili mtaongea nini. Tusamehe, usimsumbue tena."

Salme alisoma mara mbili. Uso ukaiva.

"Barua ipi?"

"Ya posa."

"Mimi sijaona barua yoyote! Nimekaa nikisubiri posa yako, nikasema huyu mwanamume kaogopa. Kila nikisikia hodi nyumbani natoka mbio, nakuta muuza samaki!"

"Wallahi?"

"Wallahi. Na wewe ukaamini?"

"Salme, nimeishia la saba. Maneno yale yalikuwa yananikaa kabisa."

"Sikiliza." Akamkaribia mpaka harufu ya chuma kilichoungua ikamwingia puani. "Jua liko mbali hata mwanga wake unasafiri dakika nane kutufikia. Hakuna aliyewahi kufika. Lakini tunajua limeumbwa na nini, kwa sababu tumeupokea mwanga wake wenyewe, tukaupasua, tukatazama. Hatukwenda kuuliza kwa jirani wa jua! Mimi niko hapa Bagamoyo, nina simu, nina mdomo, wewe umekwenda kumsikiliza Majid."

"Ndiye walii wako wa ndoa."

"Walii anaozesha. Hanijibii."

Akapiga simu palepale, akaweka sauti ya nje.

"Kaka Majid, barua ya posa aliyoleta Mzee Mbaruku iko wapi?"

Ikasikika droo ya duka ikifungwa.

"Kaka?"

"Salme, nina wateja hapa."

"Wahudumie. Baada ya adhuhuri nakuja nyumbani na mwenye barua. Mama atakuwepo."

"Usimlete mtu..."

Akakata. Mwinshehe akajitazama ovaroli lake lenye matundu ya moto.

"Niende hivi nilivyo?"

"Ulitaka uende kama nani?"

* * *

Bi Mayasa, mama yao, alikuwa ukumbini ameketi mkekani anachambua mchele. Majid alisimama dirishani, kanzu nyeupe, tasbihi inakimbia vidoleni.

"Shikamoo Bi Mayasa."

"Marahaba mwanangu. Karibu. Kaa kwenye kiti, usiogope kukichafua, kinafulika."

Salme hakukaa.

"Mama, huyu ameniposa. Kaka ameificha barua, akamjibu kwamba mimi nimekataa."

Bi Mayasa akasukuma ungo pembeni.

"Majid. Kweli?"

"Mama, nilifanya kwa ajili yake. Salme ana digrii. Anafundisha watoto mambo ya mwanga na nyota. Huyu bwana ni mtu mwema, mimi mwenyewe namuuzia vyuma, sina neno naye. Lakini harusi ikiisha, wageni wakiondoka, watakaa wawili. Wataongea nini?"

"Yule wa kwanza alikuwa na digrii mbili," Salme alisema. "Unajua alikuwa akiniuliza nini? Chumvi iko wapi."

Bi Mayasa akaziba mdomo kwa mtandio. Majid hakucheka.

"Nakuuliza wewe, fundi. Utamwambia nini dada yangu asichokijua?"

"Sina cha kumwambia," Mwinshehe alijibu. "Nitamuuliza."

"Utamuuliza nini?"

"Lipo moja limenikaa siku kumi na nne, nikakosa wa kumpelekea." Akamgeukia Salme. "Ulisema kwenye jua kuna chuma. Sawa. Nani alikipeleka? Maana chuma hakijioteshi."

Macho ya Salme yakawaka.

"Jua halikukitengeneza. Lilikikuta. Zamani sana, kabla ya jua letu, kulikuwa na nyota kubwa kubwa. Tumboni mwake vitu vyepesi vilikuwa vinabanwa kwa joto, vinaungana kuwa vizito, mpaka chuma."

"Vinachomelewa."

"Eeh! Vinachomelewa! Lakini zikifika kwenye chuma, moto ule hauendelei tena. Chuma hakiongezi moto, kinaula."

"Ngoja, ngoja. Kwa hiyo nyota ikishajaza chuma tumboni, basi?"

"Kati kunaporomoka, nje kunapasuka. Yote inamwagika angani."

"Kama tupa kwenye grenda!"

"Sijawahi kulifikiria hivyo, lakini ndiyo. Vumbi lile linakuja kujikusanya tena, linakuwa jua jipya na ardhi mpya."

"Jamani," Majid alisema.

"Kwa hiyo nondo hizi za dirisha la mama..." Mwinshehe alinyanyuka, akashika chuma cha dirisha kama mtu anayeamkia jamaa aliyepotea miaka mingi. "Miaka thelathini nachomelea. Nilidhani chuma kinatoka kiwandani!"

"Na kilichomo kwenye damu yako pia. Ndicho kinachoifanya iwe nyekundu."

"Na ya kwangu mimi mzee?" Bi Mayasa aliuliza.

"Na ya kwako, mama."

"Subhanallah. Mimi daktari ananiambia nina upungufu wa chuma, kumbe nina upungufu wa nyota!"

Wakacheka wote watatu. Majid akavuta kiti, akaketi. Mwinshehe alishauliza jingine: kama chuma cha kwenye jua kimekuwa mvuke, mbona mistari yake ni myeusi, isiwe ya kung'aa kama cheche? Salme akajibu kwamba mvuke ulioko juu unaupokonya mwanga unaotoka chini rangi zile zile ambazo mvuke wenyewe ungeng'aa nazo, pale palipopokonywa panabaki giza. Mwinshehe akakataa, akataka aelezwe upya. Akaelezwa upya. Adhana ya alasiri ikasikika na hakuna aliyejua wakati umekwendaje.

"Majid," Bi Mayasa alisema taratibu, "hawa wameshakusahau."

Majid alikuwa ameketi, tasbihi imelala pajani.

"Nimeona, mama."

"Basi fanya ulilopaswa kufanya. Mwari akiulizwa akanyamaza, tunasema ameridhika. Huyu si mwari, alishaolewa. Huyu lazima aseme kwa mdomo wake, nawe ukamsemea. Hiyo ni dhuluma."

Majid akasimama mbele ya dada yake. Mtu mkubwa, mwenye duka lake, macho yamemjaa maji.

"Nisamehe, Salme. Nilikuona ulivyorudi mara ya kwanza na begi moja. Niliogopa kukuona hivyo tena."

"Ungeniambia unaogopa, kaka. Ningekuelewa."

"Nakuuliza sasa, mimi walii wako, mama anasikia. Mwinshehe amekuposa. Umeridhika?"

"Nimeridhika. Tena ningeridhika siku ile ile, ungeniuliza."

Majid akajifuta macho kwa kiganja, akamgeukia fundi.

"Na wewe bwana, baada ya uovu wangu wote, bado unamtaka?"

Mwinshehe alitaka kujibu. Akamtazama Salme, akaitazama sakafu, midomo ikamcheza na sauti isitoke. Mtu aliyekuwa akiuliza maswali tangu adhuhuri hakuwa na hata neno moja.

Wakamsubiri.

"Kanyamaza," Bi Mayasa alisema, akavuta ungo wake wa mchele. "Huyo ndiye mwari wetu. Mwozesheni Ijumaa."